Simu ya Kutoka Bungeni

Garth Ollerenshaw alikata simu, akabaki ameishika, kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alikuwa waziri kwa miaka ishirini na moja, chini ya mawaziri wakuu sita.

"Twende Downing Street, Waziri?" dereva wake aliuliza, akivuta mkanda.

"Hapana. Nimeitwa bungeni."

Dereva aliuachia mkanda. Wote wawili walijua desturi: baraza la mawaziri linapopangwa upya, anayepewa wizara huitwa Downing Street, ofisini kwa Waziri Mkuu, mbele ya kamera; anayefukuzwa huitwa chumba cha nyuma bungeni, asionekane.

"Labda kule Downing Street wanapaka rangi," dereva alisema.

Ollerenshaw alicheka kidogo. Alichomoa mfukoni ufunguo uliong'aa kwa kushikwashikwa, akauweka juu ya sanduku lenyewe, lile jekundu la nyaraka za uwaziri.

Dereva alishuka, akafungua mlango wa mbele.

"Njoo ukae huku, Garth. Tutapita njia ndefu."