Somoe Hatoi Mji

Ulisikia sheria ya bangili ikisomwa, ukageuza uso. Mimi nakumbuka: mlipiga vigelegele mtihani wa taifa ulipofutwa, watoto wakavishwa bangili za kuwapima maarifa kutwa, hadi nyumbani.

Jana baada ya chakula, Bi Mashavu alimtegea mjukuu wake, binti yangu Somoe wa darasa la sita.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimekomea mlango, mgeni kapita tundu la ufunguo."

Somoe alifikiri mpaka jasho likamtoka. Macho yalimwaka kwa hamu ya kujua.

"Nipe mji, mke mwenzangu!" bibi akamtania. "Hata Tandahimba napokea."

Somoe akatikisa kichwa, akaninong'oneza sikioni. "Mama, nikitoa mji nimekubali kwamba sijui. Bangili itanikata alama, na nikikatwa moja tu, sekondari siendi."

"Basi nami jibu silitoi," bibi akacheka. "Tangu lini likatolewa bure?"

Somoe akakusanya sahani, midomo ikijaribu majibu bila sauti. Kumbe ndiyo maana mwezi mzima hajaniuliza swali hata moja.

Bunge linapokea maoni hadi Ijumaa. Wewe unayesoma, inuka sasa hivi, nenda ukadai watoto wavuliwe bangili wakitoka shule.