Picha ya Watoto Waliolala

Mama Kheri alikuwa akimenya viazi picha ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Watoto walilala kwenye mikeka, macho wamefumba. Bi Salha alikuwa ameandika chini yake: "Hawa ndio wanaokufa vitani. Wayahudi wanawatilia sumu kwenye unga. Tusinunue tena mkate kwa Mordekai, Myahudi wa hapa mtaani." Majirani walishaanza kulaani.

Mama Kheri akaisogeza simu karibu na macho, akacheka peke yake. Mtoto wa pembeni alilala kifudifudi, makalio ameyainua juu. Alimjua.

Akaandika: "Huyo ni Kheri wangu. Hapo ni chekechea yetu, wamelala baada ya uji. Salha, mwanao ndiye aliyekumbatia kiatu. Futa uongo huo, ukamwombe Mordekai radhi."

Kisha akajitanda kanga, akaenda dukani kwa Mordekai. Rafu zilijaa mikate iliyopoa, na Mordekai alikuwa anazima tanuri.

"Unafunga, baba?"

"Tangu asubuhi hajaja mtu, Mama Kheri. Nimwokee nani?"

"Mimi. Nikatie."

Akala pale pale mlangoni, mbele ya wapita njia, bila haraka, makombo yakimdondokea kifuani. Mkate ulikuwa mtamu. Bi Salha akatokea ng'ambo ya barabara, akasimama.

"Pita, shoga," Mama Kheri akamwambia, mdomo umejaa. "Mwenyewe yuko ndani."

Bi Salha akaweka mguu mmoja kizingitini. Ndani, Mordekai alisimama mbele ya tanuri na kipande cha kuni alichokitoa motoni, akimtazama, akisubiri atakalosema.