Paswadi ya Meneja Kiboko

Bucha la Mama Chui lilipoteza nyama kila wiki, na wanyama wote walijua mlaji ni Fisi wa stoo. Basi Mama Chui akanunua sistimu: stoo, mauzo na mishahara vyote ndani ya kompyuta moja, na nyama haitoki mpaka meneja aidhinishe kwa paswadi yake.

Meneja alikuwa Kiboko, mla majani, aliyepewa cheo kwa sababu ya kitambi. Wenye digrii tuko nyumbani, but anyway. Siku ya mafunzo Kiboko alikoroma. Alipoamshwa aandike paswadi, kidole chake kimoja kinene kikabonyeza herufi nne kwa mpigo.

"Fisi, mwanangu, niandikie wewe. Mimi ni bosi, si karani."

"Sawa, mzee wangu. Na kuidhinisha je?"

"Idhinisha hukohuko, usinisumbue!"

Mwisho wa mwezi Mama Chui akafungua ripoti. Kila paja lililopotea liliidhinishwa na Kiboko.

"Kumbe mwizi ni wewe!"

"Mama, mimi nakula majani! Tazama meno yangu!"

Kiboko akaachama. Mama Chui akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Meno kama pembe za ndovu, halafu unaniambia majani? Sistimu nimeinunua kwa fedha nyingi. Wewe nilikuokota mtoni bure."

Kiboko akafukuzwa papo hapo. Fisi akapewa umeneja, maana ndiye pekee aliyeijua sistimu.

Aliyesikia na acheke. Mwenye cheo na abonyeze mwenyewe.