Pijo na Landrova ya Marehemu

Faraji alikuwa amefungua boneti za magari yote mawili. Somoe alimwona kwenye upenyo wa pazia: anatoa betri mpya ya Pijo, anaipachika kwenye Landrova, kisha anatupa jicho dirishani kama mwizi wa kuku.

Somoe alikuwa ndani ya eda, na mwenye eda hatoki kwenda kugombana na shemeji uani. Akaendelea kuvuta uradi. Macho yakabaki palepale.

Mumewe, marehemu Mwinjuma, aliacha mabinti tu, kwa hiyo mdogo wake naye alikuwa na fungu. Shehe alishasema: eda ikiisha, mjane achague gari moja la kulea wanawe, jingine ni la Faraji.

Pijo ilikuwa gari la kubebea maharusi. Nyeupe, viti laini, mlango ukifungwa husikii. Landrova ilikuwa bati tupu, mlango umeshikwa kwa waya, ikipita mtaani Kinondoni watoto wanaziba masikio.

Kila akija, Faraji aliing'arisha Pijo kwa kitambaa. Kisha anajipenyeza chini ya Landrova na kitu ndani ya gunia. Leo springi, kesho sijui nini.

"Shikamoo, shemeji," alisema siku moja, nje ya dirisha.

"Marahaba. Mbona unahangaika sana na hilo kopo?"

"Kopo nitalibeba mie, nikaliuze chuma chakavu. Wewe chukua Pijo, ukae kwa heshima yako. Mama mzima utahangaika na gari la mkaa?"

Somoe akarudi kwenye uradi wake. Huyu ndiye aliyeuza cherehani ya mama yake mzazi, akasema imeibwa. Tangu hapo hakumwamini hata kwa njiti ya kiberiti. Na nyumba hii ilijengwa kwa mkaa wa Madale, ambao Pijo haikuwahi kubeba hata gunia moja. Mtu akikusukumia kizuri, mtazame mkono wa pili.

Alipotoka eda, mbele ya shehe, Faraji alimnyooshea funguo za Pijo kabla hajaulizwa.

"Baki nazo," Somoe alisema. "Mie nataka Landrova."

"Shemeji, watu watasemaje?"

"Waache waseme. Landrova."

Faraji akainamisha kichwa. Somoe akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa macho.

Landrova ikawaka mara moja. Wiki ile ile ikapanda vilima vya Madale na kurudi imejaa mkaa, haijakohoa.

Kwake Vingunguti, Faraji na mkewe Raudha walikuwa wanaisukuma Pijo iingie uani.

"Kaka yako alikwambia mwenyewe injini ya hili imekwisha," Raudha alisema, anahema. "Vifaa vyote vizima umemwekea mjane wa watu kwenye Landrova. Sasa ulikuwa unamlazimishia nini achukue hili?"

Faraji akafuta jasho.

"Ningemwambia achukue Landrova, angeichukua?"