Jina la Bi Siwatu

Mjini siku hizi, mzee asiyetajwa jina na mtu yeyote wa nje ya Kituo cha Wazee kwa siku saba huondolewa humo, na dawa zake hukatwa. Bi Siwatu alinusurika miaka yote kwa matusi ya Bi Tatu, jirani wa ng'ambo ya ukuta, aliyemlaani kwa jina kila asubuhi. Uhasama ulimlisha vizuri. Wiki iliyopita, bila hata kuaga, Bi Tatu akafa.

"Mtaje, zimebaki dakika mbili," karani wa Kituo alimwambia Khatibu, mwana wa Bi Siwatu.

"Nimtaje mzazi wangu kama rika langu? Nimelelewa mimi!"

"Nitaje, baba. Radhi nimekupa," Bi Siwatu alimsihi.

Khatibu akapiga magoti, machozi yakimtiririka, akafumbua kinywa.

"Mama," alisema, kwa heshima zote.

Karani akaanza kukunja shuka za kitanda cha Bi Siwatu.