Daftari la Presha ya Muhsina

Bi Hafswa alisukuma komeo la mlango, akasubiri mashine imalize kukoroma, kisha akaandika kwenye daftari: Muhsina, asubuhi, 181 kwa 104. Darasa la saba hakulifika, lakini kwa namba Vanga nzima hakumwona wa kumshinda.

Nje, Muhsina, mjukuu wake wa miaka tisa, alikuwa akiruka kamba.

“Ngapi leo, mama?” Jaafar, babake mtoto, aliuliza dirishani.

“Mia na themanini na moja.”

“Ya Rabi! Jana alikula nini?”

“Muhogo, bila chembe ya chumvi. Ng’onda, samaki wa chumvi, tumekula mimi na wewe.”

“Na mashine haimlizi?”

“Hajaguna hata siku moja. Wewe ndiye unayelia.”

Jaafar alikuwa na haki ya kulia. Mishipa ya damu ya mwanawe ilikuwa imevimba kwa maradhi, na ule unaopeleka damu kwenye figo ya kushoto ukabana, ukabaki kama uzi. Figo kwa njaa ikapiga kelele, presha ya mtoto ikapanda kama ya mzee. Katika hospitali kubwa walimpitishia mpira mwembamba pajani hadi kwenye mshipa ule, wakajaza puto dogo, mshipa ukatanuka. Bi Hafswa aliwauliza kama puto lenyewe ni la Idi au la harusi.

Daktari Kadzo alicheka. Akawapa vidonge na mashine, akaagiza presha ipimwe nyumbani asubuhi na jioni, iandikwe.

“Kazi hiyo ni yangu,” Bi Hafswa alisema, na nani angembishia? Tangu mtoto augue, uji wake huuonja yeye kwanza, maji yake ya kuoga huyatia mkono yeye kwanza. Kitambaa cha mashine cha kufunga mkononi Bi Hafswa alikikataa wiki ya kwanza tu, kwamba kinabana. Jaafar akaenda Ukunda kuleta kipana.

Daftari likajaa namba za kutisha. Jaafar akamsomea daktari kwa simu.

“Huenda mshipa umeziba tena,” daktari alisema. “Mleteni. Safari hii puto halitatosha. Tutampasua, na pengine figo itolewe.”

Bi Hafswa alilia hadi adhuhuri. Alipomaliza kulia alikasirika.

“Puto lao bovu! Sasa wanataka kumchinja mtoto ili kuficha aibu.”

Walifika hospitali Jumatatu. Muhsina alitangulia kwenye ngazi, akizipanda mbilimbili, bibi yake akimfuata kwa kuhema, ameshika ukuta.

“Shikamoo, bibi,” Daktari Kadzo aliwapokea.

“Marahaba. Leo mmetuwekea puto la rangi gani?”

Daktari Kadzo hakucheka. Alimpima mtoto mkono wa kulia, akampima wa kushoto, akarudia wa kulia. Akamlaza, akatazama mshipa wa figo kwenye kioo cha mashine ya picha. Damu ilikuwa ikipita bila kizuizi. Presha: 98 kwa 60.

Mlangoni alisimama Daktari Samuel, mpasuaji. “Mtoto anaingia au haingii? Chumba kiko tayari.”

Jaafar alimshika mwanawe bega kama anayetaka kukimbia naye.

“Bibi,” Daktari Kadzo alisema, “nadhani mashine yenu imeharibika.”

“Iliyoharibika ni yako, mwanangu. Yangu nailaza kwenye mto wake.”

“Basi pengine unapima vibaya.”

“Mimi?” Bi Hafswa aliitoa mashine kikapuni. “Asubuhi kabla ya chai. Miguu chini. Mgongo wima. Dakika tano hakuna kusema neno. Si ndivyo ulivyosema?”

“Ndivyo. Hebu nionyeshe.”

Bi Hafswa alimwambia Muhsina asogee pale asije akaguswa na mpira wa mashine. Akakaa kitini, akaweka miguu chini, akaunyoosha mgongo. Kisha akakunja mkono wa baibui lake, akajifunga kitambaa.

“Mtoto mgonjwa, mishipa yake yote inauma, nikamkabe mkono na hili dude na mimi nipo hai?” alisema. “Damu si ni ile ile?”

Mashine ikakoroma, ikatulia: 189 kwa 110.

“Haya,” akasema Bi Hafswa, akimgeuzia daktari. “Nani hajui kupima?”