Mtungi wa Tatu

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilipanda kupitia bomba la pampu, kutoka chini kabisa ya shimo lililojaa maji, na kila ilipogonga Raudha aliijibu kwa jiwe. Yu hai! Kuna mtu hai huko chini, na mtu huyo ni mume wake.

Walioshuka kuchimba dhahabu katika shimo lile la Nambilanje, Ruangwa, walikuwa wawili, Masoudi, mumewe Raudha, na Bilali; mvua ikanyesha, maji yakawafungia humo. Pampu ikazidiwa. Jana maji yalimtoa mmoja. Magogo ya kuta za shimo yalikuwa yamemharibu uso, hatazamiki, lakini lile koti la mvua la njano kila mchimbaji alilijua: la Bilali. Zulfa, mkewe, alionyeshwa koti tu, akaanguka. Maiti ikazikwa jana hiyohiyo, kijijini kwa Bilali, Chunyu. Na Raudha, aliyekuja mbio kutoka Nachingwea roho mkononi, alipoambiwa ni Bilali alitamka alhamdulillahi kwa sauti, mbele za watu. Aibu ile ilikuwa bado inamuunguza.

Sasa alisimama mbele ya turubai lililopangwa mitungi ya hewa. Ismaily, mzamiaji aliyeitwa kutoka Lindi, kazi yake kukwangua meli chini ya maji, hakuwa anamtazama usoni.

“Hii miwili mikubwa ya mgongoni ndiyo yenye hewa ya maana,” alisema. “Ningeshuka na hii, ningekaa huko mpaka nichoke mwenyewe.”

Emmanuel, msimamizi wa shimo, alikata kijiti sawa na upana wa upenyo wa kuingilia kule chini, akakilaza juu ya mitungi. Kijiti kilikuwa kifupi.

“Utanasa,” alisema. “Pale mtu hupita kwa ubavu.”

“Basi hii midogo.”

Midogo ilikuwa mitatu, kila mmoja na mpira wake wa kupumulia. Ismaily alifunga mmoja ubavu wa kulia, mmoja wa kushoto, mgongo akauacha mtupu ili apenye. Mmoja ukigoma, ana mwingine. Wa tatu angeusukuma mbele yake. Mkanda ulimponyoka mara mbili. Mtu wa bahari, jamani! Lakini baharini ukiogopa unapanda juu. Shimoni, juu ni mwamba.

“Na wa Masoudi uko wapi?” Raudha aliuliza.

Ismaily alikohoa. “Dada, yote mitatu ni yangu. Miwili ya kwenda na kumtafuta. Huu ni wa kunirudisha. Nikimkuta, tutaagiza mingine Mtwara.”

“Mpaka ifike kutoka Mtwara, maji yatakuwa yamempita kichwa. Kule ni baridi, na Masoudi hana hata koti.”

“Nina watoto, dada.”

“Najua una watoto. Mimi naogopa, kaka Ismaily. Mpe huo mmoja, nakuomba.”

Hata wale wapuuzi waliokuwa wakipiga video kwa simu waliteremsha mikono. Ramadhani, mtani wa ukoo wa Masoudi, akajitia kuchangamka.

“Mpe, bwana! Mtani wangu yule ni mbishi kupindukia. Ukimwacha humo atayachosha maji mpaka yamteme.”

Kwenye bomba ikasikika ngo, mara moja tu, tena kinyonge.

Ismaily aliuinua mtungi wa tatu, akauongezea mkanda wa kumtosha mtu mwingine.

“Nikichelewa mle ndani,” alisema, “mjue huu ndio uliokuwa wa kunitoa.” Akasoma bismillahi, akazama.

Kamba ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Mapovu yalipanda kwa wingi, yakapungua, kisha yakakatika kabisa.

“Amekwisha,” mtu alinong’ona.

Raudha alisoma sura zote alizozijua, akazichanganya. Nimemuua mtoto wa watu, alijiambia. Nimemtoa Lindi na wanawe wanamngoja, nimemuua kwa ajili ya wangu. Akakaa palepale topeni. Aliligonga bomba kwa jiwe. Halikujibu. Akagonga tena, akagonga mpaka Ramadhani akamshika mkono.

Kamba ikashtuka mikononi mwa Emmanuel.

“Vuteni! Vuteni, nyie!”

Ismaily alitokeza kwanza, akitapika maji, hawezi hata kusema. Nyuma yake akafuata mtu wa matope, mtungi wa tatu umefungwa kifuani mwake. Tope limemganda kichwani, usoni, mpaka kwenye kope. Lakini anapumua! Watu wakapiga takbira. Ramadhani alivua kofia, akaifunika usoni, akalia bila kujificha.

Raudha aliruka magogo, akapiga magoti, akamkumbatia na tope lake lote. “Masoudi! Masoudi wangu!” Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akashika pindo la kanga, akamfuta paji la uso, akamfuta macho, akamfuta pua.

Mkono ukasimama.

Mtu yule alifinya macho kwa sababu ya jua. “Shemeji,” alisema, sauti imemkauka. “Masoudi yuko wapi? Nilimvika koti langu, akatangulia kupanda.”

Raudha aliivuta kanga yake yenye tope, akajifunika taratibu mpaka nywele zote zikaingia ndani.

“Mpelekeni Bilali kwake Chunyu,” alisema. “Zulfa atoke eda. Naingia mimi.”